Mimi Natosheka, Andika Moja

Dodoma,
12 Januari 2025

Ami yangu Kheir,

Shikamoo. Mimi huku mzima, ila mvua haikatiki na nguo zangu zinanuka uvundo. Mwambie mama Mayasa ile achari ya maembe aliyonitilia imekwisha. Wenzangu wa chumbani wameila mpaka chupa wameitia maji wakaitikisa wakanywa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Simu ya hapo nyumbani ni moja, na ujumbe ukiingia unasomwa na Mtoni nzima. Na ya pili, nina karatasi nyingi za kukuletea kwa basi na boti, basi nimeona barua nayo ipande.

Ami, utafiti wangu wa shahada ya pili umeshapitishwa! Nachunguza namna watu wanavyochagua. Wataalamu wanasema watu wako namna mbili. Kuna anayetafuta kizuri kinachomtosha, akikipata analipa anakwenda zake. Na kuna anayetaka kilicho bora kuliko vyote. Huyu hata akikishika mkononi anajiuliza kama duka la mbele hakuna kingine. Mara nyengine kweli hupata kitu kizuri zaidi kuliko yule wa kwanza, lakini moyo wake hautulii. Sasa kuna kipimo chake. Unamsomea mtu sentensi, mfano, "Hata nikishapata kizuri, huendelea kuangalia kama kuna kizuri zaidi." Yeye anakupa nambari. Moja maana yake hakubali hata kidogo, saba maana yake ndiyo yeye khasa.

Wewe uko sokoni Darajani, unauza makufuli na bawaba, watu wanachagua mbele ya macho yako kutwa. Nisaidie kuwauliza. Sharti ni moja tu: andika wanachosema wao.

Jambo jengine. Mama Mayasa alinidokeza kuwa mwezi uliopita walikuja wazee kutoka Tumbatu, wamevaa kofia za viua, wamekaa sebuleni na wewe. Nilipomuuliza zaidi akasema simu inaisha chaji. Walikuja kwa lipi?

Mwanao,
Tahiya


Mtoni,
2 Februari 2025

Mwanangu Tahiya, binti wa marehemu ndugu yangu Mjaka,

Marahaba, marahaba mara mia. Sisi wazima, mama yako Mayasa goti linamsumbua lakini ulimi wake mzima, alhamdulillahi. Achari nyengine iko juani.

Mwanangu, hii kazi yako tamu! Mimi niliishia fomu ya tatu, sikujua kama kuna elimu ya kupima mtu anavyonunua kufuli. Nimeweka karatasi zako kwenye mbao, kalamu nimeifunga uzi nikaining'iniza shingoni, na hapa Darajani wananiita daktari. Msabah, jirani yangu wa misumari, ndiye aliyenipa jina hilo, na sasa limeshika.

Sikiliza ya Bi Nasima wa Mazizini. Kaja kutaka kufuli la geti. Kalifungua la kwanza, kalifunga, kasema linalia sana. La pili halilii, basi akaona si madhubuti. Akageuza yote niliyonayo, akaondoka, akazunguka Darajani nzima, akarudi baada ya alasiri kuchukua lile la kwanza. Nikasema huyu ndiye! Nikamsomea sentensi yako.

"Mimi?" anasema. "Astaghfirullah, Kheir! Unataka nimkufuru Mola wangu? Mimi natosheka na alichonijaalia. Andika moja."

Msabah akadakia, "Moja ya makufuli, Bi Nasima, au moja ya maduka uliyozunguka?"

"Nyamaza wewe! Ulichagua mke mpaka mchumba akaota mvi!"

Na wote ndivyo hivyo, mwanangu. Ukimuuliza mtu kama haridhiki, anakuona unamtia katika dhambi. Wote moja, moja, moja. Mtu kaninunia kwa sababu bawaba ina doa, nikimsomea karatasi, "Alhamdulillahi, natosheka, andika moja."

Mimi nikaona hawa wataniharibia elimu ya mwanangu. Basi nikafuta. Aliyegeuza kila kitu dukani nikampa saba, aliyezunguka nikampa sita, aliyechukua akaenda zake nikamwachia moja yake. Sasa karatasi zako zina ukweli mtupu! Nimezipeleka kwa boti na basi, zipokee.

Huyo Bi Nasima ana mwanawe, Abdulwahid, mhandisi wa barabara. Ana adabu, gari anayo, nyumba yao ina ghorofa na roshani mbili. Mlisoma skuli moja. Unamkumbuka? Niambie unamwonaje.

Hao wazee wa Tumbatu walikuja kunisalimia tu. Wamekula tambi, wameondoka.

Ami yako,
Kheir


Dodoma,
23 Februari 2025

Ami Kheir,

Shikamoo. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe sote salama. Goti la mama Mayasa lisiachiwe, apelekwe akaangaliwe.

Ami, nimecheka mpaka nimelia, halafu nimelia kwelikweli. Karatasi zote zile sizitumii. Ukifuta jibu la mtu ukaandika lako, hujampima yeye, umejipima wewe. Mwalimu wangu alipoziona wino wa juu na wino wa chini alinitazama akavua miwani. Nimemweleza kuwa ami yangu ana bidii.

Lakini habari ya "andika moja" imemsisimua sana. Sasa tunaongeza kitu. Ukishamuuliza mtu juu ya nafsi yake, muulize sentensi hizo hizo juu ya jirani yake. Nakuletea karatasi mpya. Nakuomba, ami, kwa haki ya baba, usifute.

Na karatasi moja nimeiandika jina lako juu. Hiyo ni yako. Usimsomee mtu. Kaa peke yako ujibu.

Watu wa Tumbatu hawavuki maji wakavaa kofia za viua, wazee watupu, wakaja Mtoni kusalimia mtu wasiyemjua kisha wakala tambi. Mimi ni mtu mzima, nina miaka ishirini na sita. Najua wazee wakikaa safu wanatafuta nini. Nangoja uniambie.

Mwanao,
Tahiya


Mtoni,
13 Aprili 2025

Mwanangu Tahiya,

Idi imepita, mkono wa Idi nakupa kwa mbali. Tulikukumbuka sana ulipokosekana kwenye sinia. Mama yako Mayasa keshapelekwa hospitali, kapewa dawa ya kuchua na kaambiwa asichuchumae. Hachuchumai, anatuamrisha akiwa kitini.

Karatasi mpya nimezijaza, na wallahi sikufuta hata moja. Mwalimu wako kaona mbali! Ukimuuliza mtu juu ya nafsi yake, moja. Ukimuuliza juu ya jirani, saba kabla hujamaliza kusoma, na wengine wanataka nambari nane. "Huyo Msabah? Hakuna nane hapo? Tia nane!" Darajani wamecheka Ramadhani nzima. Watu wakija kununua tambi za daku wanapita kwanza kwangu kumsemea jirani.

Sasa ile yenye jina langu. Nimeichelewesha, na barua nayo nimeichelewesha, na sababu ni moja.

Niliijaza ile karatasi kama watu wote. Moja, moja, moja. Mayasa akaisoma akiwa nyuma ya bega langu, akacheka mpaka goti likamuuma. "Wewe, Kheir? Wewe uliyenizungusha maduka yote kutafuta feni mpaka joto likaisha?" Nikamwambia hiyo ni feni. Akaacha kucheka. Akasema, "Na Tahiya je? Naye ni feni?"

Mwanangu, nimekukosea. Nakuandikia kama mtu anayetapika, vumilia.

Wale wazee walikuja na posa yako. Kijana anaitwa Ahmada, mtu wa Tumbatu, anaongoza wageni msitu wa Jozani. Walikaa kwa adabu, wakasema wamekuja kutaka kuwa watoto wetu. Wakataka jibu, liwe ndiyo au hapana. Mimi nikawaambia wasubiri. Na wewe sikukwambia, na ulipouliza nikakwambia uongo, na Mayasa nikamkataza asiseme.

Kwa nini? Si kwamba nilimwonea kijana ubaya. Nilimuulizia. Msikitini anasifiwa, kwao anasifiwa, kazini anasifiwa. Na hilo khasa ndilo lililonitia wazimu. Nikajisemea, ikiwa wa kwanza kugonga hodi ni huyu, wa pili atakuwaje? Binti wa Mjaka, msomi, nimpe mtu anayewaonyesha Wazungu kima punju? Wewe ni amana. Mjaka aliniachia wewe, hakuniachia kitu chengine. Nikikutoa kwa kizuri na kumbe palikuwa na bora, nitamwambia nini ndugu yangu siku tutakapokutana?

Basi nikaanza kuzunguka. Nikamtazama daktari wa meno mmoja, nikaona mfupi. Mmoja wa bandarini, nikaona anacheka sana. Halafu Bi Nasima akanifuata yeye mwenyewe na habari ya Abdulwahid, nikaona ndiye. Nikakuandikia. Hukunijibu kuhusu yeye hata herufi.

Bi Nasima akaja dukani. "Msichana kasemaje?"

"Hajasema neno."

"Basi si ndiyo hiyo! Kimya cha mwari ndiyo ruhusa yake. Au hukusoma chuo cha Kurani?"

Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikakikubali kimya cha kwenye barua kuwa ruhusa. Nikasema inshaallah. Bi Nasima ile inshaallah kaitia sukari na iliki akaipakua Mazizini yote. Naambiwa keshaanza kuulizia mpishi.

Na siku ya tatu ya Idi watu wa Tumbatu wametuma mtu. Kasema maneno machache. "Wakubwa wanakwambia, anayesubiri si kwamba hana pa kwenda. Wanakupa mpaka Idi Kubwa."

Niliichana ile karatasi ya moja moja. Nimejaza nyengine, hii hapa ndani. Zote saba. Ile ya mwisho, "Nikishachagua huwaza nilichokiacha," nimeandika saba nikaizungushia duara.

Niambie nifanye nini. Ukisema Abdulwahid, ndiye. Ukisema hakuna, hakuna. Lakini sema.

Ami yako aliyekosa,
Kheir


Dodoma,
27 Aprili 2025

Ami,

Shikamoo. Mama Mayasa asichuchumae.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikashindwa kwenda darasani. Nimekasirika na nitaendelea kukasirika kwa muda, nakuomba univumilie na wewe.

Kimya cha mwari ni pale anapokaa mbele ya mzee wake, anaulizwa, anainamisha uso, na mzee anauona huo uso. Karatasi haina uso. Sikukujibu habari ya Abdulwahid kwa sababu nilikuwa nangoja unijibu habari ya Tumbatu.

Nilikuwa najua. Ahmada nilikutana naye mwaka juzi tulipokwenda Jozani na wenzangu wa chuo. Tuliongea mbele ya watu na hatujafanya la kuficha. Aliniuliza kwetu hodi hupigwa wapi, nikamwonesha mlango wako. Mimi ndiye niliyemwambia alete wazee. Sikukwambia kwa sababu msichana hasemi. Nimesoma mpaka shahada ya pili, na hilo bado lilinifunga mdomo. Hapo na mimi nina makosa.

Utafiti wangu ni wa kweli, usidhani nimekutega. Lakini ile karatasi yenye jina lako, hiyo nilikuletea kusudi.

Sasa nasema, na naandika kwa wino: nataka Ahmada. Si kwa sababu nimewapima wanaume wote wa Unguja nikaona ndiye wa juu. Sijawapima wala sitawapima.

Usinijibu mpaka umekwenda.

Tahiya


Mtoni,
18 Mei 2025

Mwanangu Tahiya!

Nimekwenda! Nimekwenda kote! Kalamu inanikimbia, nikiruka neno rudi nyuma ulitafute.

Sote wazima, Mayasa anakusalimu, kasimama hapa juu yangu anasema andika vizuri.

Kwanza nilikwenda Mazizini kwa Bi Nasima. Nilimchukua Msabah anishike moyo, na hilo lilikuwa kosa. Nikamwambia Bi Nasima kuwa inshaallah yangu ilikuwa ya haraka, na kwamba kosa ni langu peke yangu, wewe hukuahidi kitu na mwanawe hana kasoro. Kakiweka kikombe mezani.

"Kwa hiyo Kheir unanirudishia mwanangu kama kufuli?"

Msabah, laana zake mwenyewe, akasema, "Na hajalifungua, Bi Nasima, liko kwenye boksi lake."

Tumetolewa nje, mwanangu, na chai tumeiacha mezani. Bi Nasima haji tena dukani kwangu, na kila penye shughuli ananitaja. Mayasa alikwenda maulidini juzi akarudi mapema. Hiyo ni haki yangu, naila. Abdulwahid nilimfuata kazini nikamwomba radhi yeye mbali. Alinipa mkono lakini hakucheka, na mimi sikumlazimisha.

Kisha Jozani. Hapa ndipo nilipofanya upuuzi wangu wa mwisho, naapa ni wa mwisho. Nilitaka nimwone kijana kabla hajaniona. Nikavaa kofia ya jua ya Msabah, nikajichomeka kwenye kundi la wageni, wao warefu mimi katikati. Ahmada akaanza kueleza miti, hii dawa ya nini, ile inaliwa na nani. Anaeleza kwa sauti ya chini kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Nikasahau nimekuja kupeleleza, nikawa nasikiliza. Mara akageuka, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Shikamoo, ami. Karibu. Lakini kofia hiyo ishike, kima wa hapa wana mikono."

Kumbe alinijua tangu getini, dukani kwangu keshapita! Wageni wakauliza kuna nini, akawaambia, "My uncle." Hicho kizungu nimekielewa mwenyewe, hakuna aliyenifasiria.

Walipokwenda, tulikaa kwenye benchi. Mfukoni nilikuwa na karatasi yako moja tupu, siku hizi sitoki bila karatasi. Nikamwomba ajibu. Nikamsomea ile ya kuendelea kuangalia kizuri zaidi. Akafikiri, akasema, "Viatu, simu, chakula, andika moja. Mimi sina habari." Nikamsomea, "Sikubali kilicho cha pili." Akasema, "Hapo ni vigumu, ami. Kwenye kila kitu ni moja. Lakini kuna mlango mmoja tu nilikowatuma wazee wangu, na walipoambiwa wasubiri, watu walinionyesha milango myengine. Sikwenda. Kwa jambo hilo andika saba."

Nikaandika zote mbili kwenye mstari mmoja, mwalimu wako atajua la kufanya.

Mwanangu, mimi nilikuwa nazunguka nikitafuta mtu atakayekuona wewe ndiye wa kwanza na hakuna wa pili. Na alikuwa kwenye msitu, yuko kazini, ananisubiri mimi.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Kwangu imekwisha. Lakini neno halimo tena mkononi mwangu. Liko Tumbatu kwa bibi yangu, na bibi yangu amekasirika. Wameshaanza kuulizia msichana wa kijiji cha Kidoti."

Kidoti!

Asubuhi yake tukaenda Mkokotoni, mimi na Msabah, nimemuapisha asifungue mdomo, tukapanda boti tukavuka. Wazee wale wale walikuwepo, na kofia zao, na katikati kakaa Bi Mwamvua, bibi yake Ahmada, mdogo kama kisanduku. Nilipofika mlangoni hakuitika hodi mpaka nilipoirudia.

"Ehe," akasema. "Mtu wa mjini. Dunia imepinduka, leo kwa mke ndiko wanakoposa?"

Ukumbi ukacheka. Nikakaa chini kwenye mkeka, kwenye kiti nilichopewa sikukaa. Nikasema, "Ndiyo, bibi. Leo naposa mimi."

"Mwezi wa ngapi tunakusubiri?"

"Najua, bibi."

"Ulikuwa unatafuta aliye bora kuliko mjukuu wangu?"

"Ndiyo."

"Ulimpata?"

"Sikumpata."

"Na ungempata?"

Msabah alinifinya. Nilikuwa na jibu zuri la uongo ulimini, limekaa tayari. Nikasema, "Ningempata, bibi, ningemsubirisha na yeye, nikamtafuta aliye bora kuliko huyo."

Kisha Bi Mwamvua akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Kacheka mpaka kapanguswa machozi. "Huyu mgonjwa," akawaambia wazee, "lakini haongopi."

Halafu mzee mmoja akauliza lile nililokuwa naliogopa njia nzima. "Na binti mwenyewe kasemaje?"

Barua yako ilikuwa mfuko wa kanzu, juu ya moyo. Wino wako ule. Ningeitoa tu, mambo yangekwisha. Lakini niliwatazama wale wazee, nikaona utaingia nyumba ile ukiitwa aliyejitaka mume kwa maandishi. Nikaibana. Nikasema, "Aliyemtaka kijana wenu ni mimi. Mimi nimemwona Jozani nikamtaka. Kama kuna aibu ya kutaka, nipeni mimi, yeye ana adabu zake." Bi Mwamvua kanitazama kwa jicho moja, na mimi nadhani kajua kila kitu. Hakuuliza tena.

Wakatoka nje kushauriana. Kidoti walikuwa hawajapeleka posa, walikuwa wamekaa kupanga siku tu. Wakarudi. Wamekubali! Tahiya, wamekubali! Nikahi Ijumaa inayofuata baada ya Idi Kubwa, msikiti wa hapa hapa Mtoni. Msabah alipiga kigelegele, mwanamme mzima, nikamwambia kiapo chako kimevunjika.

Limebaki moja. Mahari unataja wewe, ni haki yako. Nilitaka nikupigie simu, Bi Mwamvua kakataa. "Neno la Kheir nimelisubiri mpaka nimechoka," kasema. "Nataka mkono wa msichana mwenyewe, karatasi niishike." Basi andika. Mimi sisemi kitu, sikushauri kitu, wala sitakwambia watu wanachukua nini siku hizi, ingawa nimeuliza kidogo.

Ami yako, ambaye leo amekula wali sahani mbili,
Kheir


Dodoma,
24 Mei 2025

Ami yangu Kheir,

Shikamoo, na mama Mayasa, na Msabah na kigelegele chake. Mitihani yangu inakwisha wiki ijayo, nitakuwa nyumbani kabla ya Idi. Barua yako nimeisoma mara moja kwa haraka na mara moja nikiwa nimejifunga mtandio usoni ili wenzangu wasinione.

Hasira zimekwisha.

Mpelekee Bi Mwamvua karatasi hii ya chini, uikate hapa kwenye mstari.

_______________

Mimi Tahiya binti Mjaka nataja mahari yangu: kitanda kimoja cha mbao, cha watu wawili. Achague Ahmada peke yake, katika duka la kwanza atakaloingia. Ami yangu Kheir asifike.